Sanduku la Mtarakwa Lenye Jina Langu

Juzi jirani yangu alikata nguzo kuukuu za zizi lake, akaviacha vipande uani vikipigwa na jua, na ilipofika saa nne harufu ilikuwa imeshaingia jikoni kwangu. Ninyi wa rika langu mliokulia Karatu mnaijua harufu hiyo bila kuambiwa. Ni mtarakwa, mti wa msitu wa juu, ambao ubao wake ni mwekundu na mchwa hawaugusi. Watu husema unanukia vizuri. Mjukuu wangu alisema unanukia kama penseli mpya, akataka kwenda kuomba kipande. Nilimwambia akae amalize uji wake, nikafunga dirisha, na sikulifungua siku mbili katika joto lote lile. Ukisema mimi ni bibi mwenye visirani, hujanisingizia.

Baba yangu alikuwa fundi seremala katika kijiji kimoja kati ya Karatu na Endamarariek. Karakana yake ilikuwa kibanda nyuma ya nyumba, pande tatu zimezibwa kwa mabanzi na upande mmoja uko wazi ili mwanga wa asubuhi uingie. Ilikuwa ile miaka ya madukani kutokuwa na kitu. Mnaikumbuka: sabuni hakuna, betri hakuna, na msumari ukiuona barabarani unauokota na kuunyoosha kwa jiwe. Mafundi wengi walikunja mikono wakangoja hali irudi. Baba hakungoja. Alisema msumari ni wa fundi asiyejua kukata, naye kukata alijua.

Kama hujawahi kuona sanduku lisilo na msumari, nitakueleza kwa ufupi. Mwisho wa ubao mmoja unakatwa meno yanayopanuka kuelekea nje, na ubao wa pili unachongwa nafasi za kuyapokea meno hayo. Ukizigonganisha kwa nyundo ya mti zinashikana, na ukivuta mbele hazitoki. Fremu ya picha nayo ina yake: kila ubao unakatwa mshazari, na mbili zikikutana kwenye kona isionekane hata nafasi ya unywele. Gundi tuliichemsha wenyewe kwa vipande vya ngozi walivyotuletea wafugaji walioshuka kutoka Ngorongoro. Ilinuka kiasi kwamba wageni walikatisha salamu wakaondoka, na mama alikuwa akisema hiyo ndiyo faida yake pekee.

Nilianza kukata nikiwa na miaka tisa. Kaka sikuwa naye, wadogo zangu walikuwa wanyonyao na watambaao, kwa hiyo baba alinifundisha mimi. Alinipa msumari ulionolewa ncha nichore mstari, kwa sababu mstari wa penseli alisema ni mnene kama barabara. Kisha msumeno ukae upande wa ubao unaotupwa, uuguse mstari bila kuula. Patasi iingie kutoka upande huu hadi katikati, ubao ugeuzwe, iingie kutoka upande ule, la sivyo nyuzi za mti zinachanika. Kiungo kilichokwisha alikiinua juani. Mwanga ukipenya, anakitia shoka bila neno na kukirusha jikoni. Mwaka wa kwanza mama alipika makande mengi kwa makosa yangu.

Baadaye baba alianzisha mchezo. Kabla sijakata, alikuwa akiniuliza, "Mstari uko wapi?" Mimi naweka kidole, naye anaweka chake juu ya changu, kisha ananiachia msumeno. Niliona ananipima kama mwalimu, nikajigamba shuleni kwamba mimi hufanya mtihani kila siku baada ya masomo. Akaacha pia kuinua viungo juani. Akawa anapitisha ukucha kwenye maungio, taratibu, akiwa ametazama pembeni. Nilidhani huo ndio ufundi wa juu zaidi, wa waliovuka hatua ya kutumia macho. Macho yake yalikuwa mekundu na yenye machozi siku zote, na kila Jumapili mama alimlaza mapajani akamng'oa kope kwa kikoleo kidogo, moja moja, zile zilizogeukia ndani. Mimi niliambiwa ni vumbi la mbao, nikaridhika.

Nilipofika darasa la sita nilikuwa nakata peke yangu. Wateja walisifu mkono wa fundi, naye aliitikia kwa adabu, nami nilinyamaza nikifurahi. Sikuona kama nimeibiwa. Mtoto anayeaminiwa na baba yake hahesabu vitu hivyo.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa masanduku ya wanafunzi. Masanduku ya bati hayakupatikana, na mtoto aliyechaguliwa kwenda kidato cha kwanza alihitaji kitu cha kufungia shuka na madaftari yake huko bweni. Wazazi walitoka hata Kansay kuja kuagiza kwetu. Nilikata masanduku ya watoto wa watu, na kila moja lilipoondoka kichwani mwa mama au shangazi wa mtu, nililisindikiza kwa macho mpaka kwenye kona ya barabara. Baba aliona, au alihisi. Akaniambia nikichaguliwa nitakata la kwangu mwenyewe, tena la mtarakwa.

Ahadi hiyo ilikuwa kubwa kuliko alivyoitamka, maana mtarakwa haukuwepo. Mbao za msitu wa juu zilitaka kibali, na njia ya kibali ilipita kwa katibu wa kijiji. Katibu huyo alikuwa mtu mwembamba, mpole wa maneno, mwenye muhuri mfukoni. Sukari ilipokuja aliigawa yeye. Khanga zilipokuja, yeye. Mwaka ule nilipokuwa darasa la saba alimwambia baba vibali vimesimama, na baba akawa anahangaika na mbao za mgrivea na za makasha ya zamani, zinazopasuka ukizitazama tu. Kila akienda kuuliza alirudi na jibu moja, kwamba asubiri.

Binti wa katibu, Paskalina, alikuwa mwenzangu wa dawati. Sitamsingizia ubaya. Alikuwa mcheshi, mkarimu wa karanga, na hesabu zilimtoa jasho hata zile za kugawanya. Alinakili kwangu toka darasa la tano, nami niliegemeza mkono pembeni ili aone vizuri. Siku ya mtihani walituketisha mbali. Alitoka nje akalia, nikamfuta uso kwa kitambaa changu.

Matokeo hayakutangazwa shuleni. Mwalimu mkuu alikuja nyumbani alasiri moja akifuatana na katibu, wakaketi karakanani na baba. Mama alinituma maji. Niliporudi, mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kuondoka bila kunywa chai aliyowekewa, na katibu alikuwa amesimama ameushika mkono wa baba kwa mikono yake miwili. Katibu alipoondoka, baba aliniita akaniambia nimechaguliwa, tena shule ya mbali, mikoa ya kusini huko. Niliachia ndoo na maji yote yakamwagika, na mama, ambaye kwa kawaida angenichapa, aliichukua ile ndoo akaenda mtoni mwenyewe. Baba akanikataza kumwambia mtu yeyote mpaka fomu zifike.

Nilitunza siri hiyo kama nilivyoambiwa. Nilikutana na Paskalina njiani mara mbili nikamkwepa kwa huruma, kwa sababu nilijua hakuchaguliwa na niliona aibu kwa niaba yake. Naye alinikwepa. Nikadhani ni wivu, nikamsamehe.

Siku ya tano ukaja mkokoteni wa ng'ombe umebeba mbao. Mtarakwa mtupu, mwekundu, bado una ubaridi wa msituni, na nyingine zikafuata juma hilohilo hadi karakana ikajaa hatukuwa na pa kupita. Kibali kilikuwa kimetoka. Niliuweka uso wangu kwenye ubao nikavuta ile harufu mpaka kifua kikauma. Nilifanya hesabu ya kitoto: baba yangu, mtu aliyekuwa akiambiwa asubiri mwaka mzima, amekwenda akapigana mpaka akapata mbao, kwa sababu aliniahidi mimi. Usiku huo na siku zilizofuata nililala nikimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda mtu. Ninaliandika hilo kwa sababu ni kweli, ingawa mkono unasita.

Tulianza kesho yake. Ubao ulikuwa mbichi na baba, ambaye siku zote aliziweka mbao kivulini miezi mingi kabla ya kuzigusa, alisema hakuna nafasi, nikate meno yabane zaidi yatakapokauka yasilegee. Nilikata siku kumi na moja. Nilikata meno tisa kila kona, wakati masanduku ya wengine niliyapa matano. Nilinoa patasi asubuhi na mchana. Kiungo kimoja nilikirudia mara tatu, nikatupa ubao mzuri ambao mteja yeyote angeufurahia. Baba alikuwa ameketi kando yangu muda wote akinisikiliza nikikata, maana alijua kwa sauti ya msumeno kama umekaa sawa. Alikuwa akinisahihisha kwa neno moja moja. Siku hizo hakufanya mzaha hata kidogo, na mimi nilisema moyoni kwamba ananionea uchungu wa kuachana.

Na mama pia nilimwelewa vivyo hivyo. Alikuwa akilia mekoni, na nikiingia anasema ni moshi. Niliona kwamba hakuna kitambaa cha sketi kilichonunuliwa, wala blanketi, wala viatu, na kila mtoto aliyewahi kuondoka kijijini aliondoka navyo. Nikajieleza kwamba wamevificha wanishtukize. Kwa kweli nilivitafuta chini ya kitanda chao na juu ya dari, na nilipovikosa niliwasifu kwa kujua kuficha.

Sanduku lilipokwisha tulilijaza maji. Hicho kilikuwa kipimo cha baba kwa kazi aliyoiheshimu. Tuliliweka juu ya mawe manne, nikamwaga ndoo mbili, tukangoja, baba akapitisha viganja vyake chini kona kwa kona. Vilitoka vikavu. Akaniambia sasa nichonge jina kwenye kifuniko, kwa ndani, ili lisipotee bwenini. Nikauliza niandike vipi. Akasema niandike jina langu, na la kwake, yote mawili.

Jina hilo sitaliandika hapa, limeshatumika vya kutosha. Nitasema tu kwamba la kwangu lina herufi sita na la baba saba, na nilizichonga zote kumi na tatu kwa siku nzima kwa patasi nyembamba, kila herufi na kingo zake kali, bila kuvuka mstari hata mmoja. Baba alizisoma kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. Alipofika kwenye jina lake alirudia tena kusoma la kwangu, akainuka akaenda kusimama nje.

Siku ya kuondoka lori la ngano lilikuwa linapita kijijini kwenda Arusha asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Niliamka kwanza nikaoga. Mama alinipaka mafuta, akanisuka upya, lakini hakunipa nguo yoyote zaidi ya gauni langu la kanisani. Baba akasema tulipeleke sanduku barabarani. Njiani tulimkuta katibu na Paskalina. Paskalina alikuwa amevaa sketi mpya ya bluu na viatu vyeusi, na kichwani amebeba blanketi jipya. Nikafurahi. Nilidhani na yeye amepata nafasi kwa mlango mwingine, tunakwenda pamoja, na hiyo ndiyo siri waliyokuwa wakinificha. Baba akasema Paskalina ashike upande mmoja, nami nishike wa pili. Tulilibeba hivyo hadi barabarani, na mimi ndiye niliyekuwa nikizungumza njia nzima, nikimwambia tutalala vitanda vya jirani na hesabu nitamsaidia.

Lori lilikuwa limesimama. Utingo akalipandisha sanduku. Katibu akamshika binti yake bega akamgeuza amtazame.

"Jina lako nani?" akamuuliza.

Paskalina akataja jina langu.

"La baba yako?"

Akataja la baba yangu. Baba alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Alisikia mtoto wa mtu mwingine akimwita baba yake, akatikisa kichwa kukubali, kama anavyokubali kiungo kilichokaa.

Mimi nilicheka. Nilidhani ni utani wa safari. Nikamwambia Paskalina hilo ni langu, yeye aseme la kwake. Hakuna aliyecheka nami. Katibu alitazama magurudumu ya lori. Baba ndiye aliyesema, na sauti yake haikuwa ya ukali.

"Mpe mwenzio mkono, mwambie safari njema."

Nikampa. Hilo ndilo ninalojilaumu mpaka leo, kwamba nilikuwa mtoto mtiifu kiasi hicho. Kiganja cha Paskalina kilikuwa na jasho. Aliniambia pole kwa sauti ndogo, akapanda, akaketi juu ya sanduku langu kwa kuwa hakukuwa na pengine pa kuketi, na lori likaondoka. Baba akanyoosha mkono akitafuta bega langu nimwongoze kurudi. Nilisogea pembeni. Mkono ukabaki hewani kwa muda, kisha akaanza kutembea peke yake akipapasa ukingo wa barabara kwa miguu, na hapo nikaona jinsi anavyotembea.

Nilimkuta mama anapepeta maharage. Nilimuuliza kama alijua.

"Baba yako haoni," alisema. "Tangu uko darasa la nne haoni huo mstari. Mbao zingekuja tukazifanyia nini, wewe ukiwa hupo? Na wewe ungekuwepo tukakata nini, bila mbao?"

Alikuwa amelipanga vizuri. Ilionekana wamelisema hilo mara nyingi kitandani mpaka likakosa mwanya. Katibu alitaka nafasi kwa binti yake, baba alitaka kibali na mikono, na vyote vilipatikana kwa mtu mmoja. Mwalimu mkuu alihitaji tu kuacha chai yake ipoe. Nilifikiria ule mchezo wetu wa kila siku, kidole chake juu ya changu, na majigambo yangu yote shuleni. Nilisikia aibu kuliko hasira. Hasira ilikuja baadaye na haijaondoka.

Kijiji kizima kilijua. Walinyamaza kwa sababu katibu ndiye aliyegawa sukari, na kwa sababu, kusema kweli, msichana kubaki nyumbani kumsaidia baba asiyeona hakukuonekana ni msiba. Wengine walinisifu. Mama mmoja wa kanisani aliniambia Mungu ataniandikia. Nilitamani kumuuliza ataniandika kwa jina gani.

Nilirudi kwenye benchi kwa sababu hapakuwa na pengine. Kitu ambacho sikukitarajia ni taarifa ya shule. Ilitumwa kwa mzazi, na mzazi aliyeandikwa alikuwa baba, na mwalimu fulani kijana ambaye hakuyajua ya kwetu aliileta hadi karakanani. Baba aliipapasa ile bahasha, akanipa.

"Soma," alisema.

Nikasoma. Jina langu, la baba yangu, tabia nzuri, Kiswahili vizuri, hesabu dhaifu. Nafasi ya kumi na tisa kati ya arobaini. Uso wake ukalainika kidogo, kwa namna ambayo uso wa mzazi yeyote hulainika akisomewa kwamba mtoto ana tabia nzuri. Aliusahau ukweli kwa muda mfupi sana, nadhani, kwa kuwa masikio yake yalisikia jina. Nilimchukia wakati huo kuliko hata siku ya lori. Nilimwambia hesabu zangu hazikuwa dhaifu, nikaikunja ile karatasi, nikaitia kwenye moto wa gundi.

Miaka minne baadaye katibu mwenyewe alileta picha ya binti yake amevaa sare, anacheka, ameshika cheti, akataka fremu nzuri ya ukutani. Aliomba kwa upole uleule. Nilichukua kipande cha mtarakwa kilichobaki nikaamua kukikata vibaya. Nilikuwa nimekusudia kona zote nne ziachame, kila mgeni wake azione akiketi. Nikachora mstari, nikaweka msumeno upande usiostahili, na mkono wangu ukakataa. Nilijaribu mara mbili. Nilikata kona nne safi, zimefungana kama zimeota hivyo, na katibu akaitundika sebuleni kwake, na watu wakamsifu baba.

Baba alifariki akiwa haoni hata jua. Hakuniomba radhi, nami nilihakikisha hapati nafasi ya kuniomba, nikitoka kila alipokohoa kama mtu anayetaka kusema jambo. Paskalina hakurudi kuishi kwetu. Asingeweza kuitwa jina lile mbele ya watu waliotujua wote wawili. Alikuwa mwalimu huko huko kusini, na nilisikia ni mwalimu mzuri, wa Kiswahili. Mimi niliolewa na mfugaji wa nyuki, mtu mwema, marehemu sasa, nikazaa, na tangu mtoto wa kwanza nikaitwa mama fulani, kisha bibi fulani. Miaka mingi sikulihitaji jina langu. Niliendelea kukata fremu na masanduku mpaka vidole vilipoanza kuvimba.

Kisha wakaja kuandikisha vitambulisho vya taifa. Waliweka meza kwenye darasa la shule yetu ya zamani, na mbele yangu akaketi kijana mwenye kompyuta, wa umri wa mjukuu wangu mkubwa, mwenye adabu. Aliniamkia shikamoo. Nikamtajia jina langu, la baba, mwaka na kijiji. Akaandika, akatazama kioo, akaandika tena.

"Bibi," alisema akishusha sauti ili waliopanga foleni wasisikie, "mtu huyu ameshaandikishwa. Jina hili, baba huyu, kijiji hiki, mwaka huuhuu. Ni mwalimu mstaafu." Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Kuna watu wanatumia majina ya wenzao, bibi. Ni kosa kubwa siku hizi."

Nilimwambia nimesikia.

"Labda una jina jingine? La nyumbani?"

Foleni ilikuwa ndefu na watu walikuwa wanaanza kuguna. Ningeweza kumweleza. Ningeweza kuita wazee watatu waliokuwa nje pale kivulini, waliojua yote, walionyamaza wakati ule na ambao labda sasa wangesema, maana sukari ipo ya kutosha. Lakini nilifikiria jina moja la kijiji hichohicho, la mtoto wa mwaka huohuo, ambalo mwenyewe alilishusha barabarani asubuhi moja akapanda lori, na hakuna aliyeliokota.

"Andika Paskalina," nikamwambia.

"Na la baba?"

Nikamtajia la katibu. Lilinitoka mdomoni bila kukwama. Kijana akaandika, akangoja, akatabasamu.

"Hili halina mtu, bibi," alisema. "Weka kidole gumba hapa."